Je, wajua kwa nini programu hupimwa kwa ngazi?

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Haikumaliza hata dakika moja angani: ilipinda ghafla, ikaanza kuvunjika, ikajilipua. Chanzo kilikuwa kipande cha programu kilichorithiwa kutoka Ariane 4, ambako kilikuwa kikifanya kazi vizuri tu. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo. Namba iliyohusiana na kasi hiyo, ya biti 64 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, haikuenea, na kompyuta za uelekezaji zikazima.

Kumbe uzima wa kipande si uzima wa mfumo.

Upimaji huanzia kwenye kipande kimoja. Mwandaaji programu huchukua kazi ndogo, tuseme ile inayokokotoa riba, akailisha namba ambazo jibu lake analijua. Majaribio haya huendeshwa na kompyuta yenyewe, mamia kwa sekunde chache, kila msimbo, yaani maandishi ya programu, unapoguswa.

Kisha vipande huunganishwa, na hapa, kwa maoni yangu, ndipo hujificha makosa ya aibu zaidi. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoteza chombo chake cha sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya msukumo kwa pauni, na iliyovipokea ikavichukulia kuwa ni vya newton, kizio kingine cha nguvu. Kosa lilikuwa pale zilipokutana.

Baadaye hupimwa mfumo mzima, katika mazingira yanayokaribia yale halisi: watumiaji wakiwa wengi, mtandao ukikatika, mdukuzi akibisha. Kosa la Ariane 5 liliponyokea hapa. Kifaa cha uelekezaji hakikujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Kwenye majaribio ya pamoja nafasi yake ilichukuliwa na programu ya kukiiga.

Mwisho ni zamu ya mteja, naye huuliza swali jingine kabisa: hiki ndicho nilichohitaji? Programu isiyo na hitilafu hata moja inaweza kukataliwa hapa, kwa kuwa karani analazimika kubofya mara kumi kazi aliyokuwa akiimaliza kwa mstari mmoja. Ikirekebishwa, hurudishwa chini ipimwe upya, maana badiliko la skrini moja laweza kuharibu hesabu iliyokuwa sawa tangu mwanzo.