Aina za seli za ubongo na kazi zake katika hisi

Jicho hupokea mwanga na sikio mitetemo, lakini kuona na kusikia hukamilika ubongoni. Watafiti hujaribu kuhusisha aina ya seli za ubongo na kazi yake, yaani kujibu maswali mawili juu ya seli ileile: ni ya aina gani, na inafanya nini taarifa ya hisi inapopita?

Swali la aina ni la zamani. Mwaka 1873 daktari Mwitaliano Camillo Golgi alichapisha mbinu ya kutia weusi seli chache tu katika kipande cha ubongo, na Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaitumia baadaye kuchora maumbo ya seli hizo. Siku hizi aina hutambuliwa zaidi kwa jeni zinazofanya kazi ndani ya seli. Atlasi ya ubongo mzima wa panya ya mwaka 2023 ina makundi ya seli zaidi ya 5,000. Ni kazi kubwa, ila orodha peke yake haisemi kundi lipi hufanya nini.

Ndiyo maana watafiti hubadili jeni za panya ili aina moja tu ya seli ing'ae, kisha huitazama ikifanya kazi mnyama anapoonyeshwa picha.

Mfano mzuri ni sehemu ya gamba la ubongo (tabaka lake la nje) inayoshughulikia kuona. Seli nyingi humo husisimua wenzake. Chache huzuia, na hizo chache ndizo zenye mambo. Zenye protini ya parvalbumini huizuia seli jirani kwenye mwili wake, penye kiini, zikidhibiti ukubwa wa mwitikio wake. Zenye kemikali ya somatostatini huizuia kwenye matawi yake, na huchangamka picha inapokuwa pana, hivyo mwitikio wa jirani hupungua. Kundi la tatu, lenye kemikali iitwayo kwa kifupi VIP, huzuia hasa zile za somatostatini. Mzuiaji akizuiwa, seli zinazosisimua hupata nafasi: panya anapoanza kukimbia, VIP huamka na mwitikio wa kuona huongezeka.

Kutazama tu hakutoshi kuthibitisha. Kwa optojenetiki, protini inayohisi mwanga, kama ile ya mwani, hupandikizwa katika aina moja ya seli, nayo huwashwa au kuzimwa kwa mwanga. Hapo pia pana mtego. Seli hizi zimeungana, kwa hiyo ukizima aina moja, nyingine nazo hubadilika papo hapo, na badiliko unaloliona huenda likawa la hizo nyingine.