Kwa nini nchi tajiri huwaachia maseremala na wakulima kazi ya kuzima moto?

Je, wajua kwamba Ujerumani, nchi inayotengeneza magari ya zimamoto na kuyauza duniani kote, inawategemea zaidi watu wasiolipwa mshahara kuyapanda magari hayo moto unapotokea? Ni karibu watu milioni moja: maseremala, walimu, waoka mikate, wakulima, wanafunzi wa vyuo. Wazimamoto walioajiriwa ni makumi ya elfu tu, na kwa kawaida wako katika miji yenye watu zaidi ya 100,000. Chile imekwenda mbali zaidi. Kikosi chake cha kwanza kilianzishwa mwaka 1851 katika mji wa bandari wa Valparaíso, baada ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia, na hadi leo wazimamoto wa nchi hiyo ni wa kujitolea, hata katika jiji la Santiago lenye mamilioni ya watu. Madereva wao wengi hulipwa, lakini mwanachama wa kawaida hulipa yeye ada ya uanachama, yaani anatoa fedha yake mfukoni ili apate nafasi ya kuingia kwenye nyumba inayoungua.

Mtu wa Mtwara au Lindi akielezwa habari hizi hukimbilia moja ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba serikali za huko zinabana matumizi. La pili ni kwamba hao wanaojitolea ni wasaidizi tu, watu wa kushika ndoo na kuwazuia watazamaji wakati wazimamoto wenyewe wako njiani. Yote mawili si sahihi, ingawa yanaeleweka, kwa sababu yanatokana na tunachokiona kila siku. Anayejitolea tunayemfahamu ni kijana aliyemaliza ualimu au uuguzi, ambaye anaingia darasani au wodini asubuhi, anafanya kazi ileile anayoifanya mwenzake aliyeajiriwa, anapewa posho ndogo au hapewi kitu, na jioni anarudi nyumbani kusubiri majina ya ajira yatangazwe. Ukiichukua picha hiyo na kuivika kofia ya zimamoto, utamwona kijana aliyekaa kituoni siku nzima bila mshahara, na utashangaa kwa haki kabisa ni nani anayekubali.

Mzimamoto wa kujitolea wa Ujerumani hasubiri ajira. Anayo tayari, mahali pengine. Yuko karakana anapiga randa, kifaa kidogo alichokichomeka kiunoni kinapiga kelele, anauacha ubao mezani na kukimbilia kituo kilicho mtaani kwake. Kituoni kila mtu ana sehemu yake ukutani, na chini yake buti zimesimama zikiwa tayari zimeingizwa ndani ya miguu ya suruali nzito iliyokunjwa hadi chini, ili mwenyewe atumbukize miguu, avute juu, na awe amevaa viatu na suruali kwa mkupuo mmoja. Sheria inamtaka mwajiri amruhusu kuondoka, na mwajiri huyo hurudishiwa na halmashauri ujira wa saa ambazo fundi wake hakuwapo. Kuhusu ujuzi, mafunzo ya mwanzo kabisa ni saa zisizopungua 70, na anayetaka kuingia kwenye moshi akiwa amebeba mtungi wa hewa mgongoni hupitia kozi ya ziada, hupimwa afya, na hurudia zoezi kila mwaka. Asiyetimiza masharti hayo hubaki nje, hata kama ndiye mwenye nguvu kuliko wote kijijini.

Hoja ya kubana matumizi nayo haina miguu mirefu. Gari, jengo, mipira ya maji, mavazi na bima hulipiwa na halmashauri kama ambavyo vingelipiwa popote. Kinachookolewa ni mshahara peke yake, tena si mshahara wa kuzima moto, bali mshahara wa kuusubiri. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima, na inastahili kuhesabiwa polepole.

Chukua ghala la korosho la chama cha msingi, la aina ambayo Tandahimba, Newala na Masasi zinaifahamu vizuri. Ghala linataka mlinzi mmoja mlangoni usiku na mchana, siku zote saba. Waajiriwe walinzi wangapi? Wengi watajibu wawili, wa mchana na wa usiku. Lakini wiki ina saa 168, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya 168 kwa 45, unapata 3.7. Ongeza likizo ya siku 28 kwa mwaka, umefika 4. Ongeza siku ambazo mlinzi anaugua, anafiwa au anapelekwa mafunzoni, na unajikuta kwenye walinzi wanne na nusu, ambapo ile nusu haina mwili lakini ina mshahara. Anayepita barabarani anamwona mlinzi mmoja tu, na karani anayeandaa malipo anawaona wote.

Sasa mwondoe mlinzi, uweke gari la zimamoto. Gari hilo linataka dereva ambaye ndiye pia mwendesha pampu, kiongozi, wawili wa kuingia ndani, na wawili wengine wa kuwatoa hao wa kwanza wakikwama. Watu sita kila saa, zidisha kwa nne na nusu, ni waajiriwa 27 kwa gari moja. Liweke na gari la wagonjwa lenye watu wawili, ongeza tisa, jumla 36. Hesabu hii imefuata saa za kazi za kiraia. Majeshi yana taratibu zake za zamu na idadi inaweza kupungua, ila haishuki ikawa sita. Katika jiji kama Dar es Salaam watu hao hawakosi shughuli, na kuwaajiri ni jambo la busara. Katika mji mdogo ambao nyumba inaweza isiungue kwa wiki kadhaa, watu 27 wangekuwa wanalipwa, kwa sehemu kubwa ya mwaka, kuosha gari lililo safi.

Mpango wa kujitolea unaigeuza hesabu hiyo kichwa chini. Badala ya watu sita walio kituoni wakati wote, unaandikisha watu 30 ambao kila mmoja yuko karibu na huru kwa theluthi moja tu ya muda wake, huku theluthi mbili nyingine akiwa safarini, usingizini mbali, au kwenye kazi isiyoachika. Mtu mmoja wa namna hiyo hategemeki hata kidogo. Ukiwa nao 30, king'ora kikilia watajitokeza kumi kwa wastani, na uwezekano wa kujitokeza chini ya sita ni takribani mara 35 kati ya 1,000. Ongeza orodha iwe watu 40, na upungufu huo unashuka hadi chini ya mara 3 kati ya 1,000. Ni ajabu kidogo kwamba kundi la watu wasiotegemeka mmoja mmoja linakuwa karibu na uhakika, lakini hesabu haina upendeleo.

Ina sharti moja tu, nalo ni zito: kukosekana kwa mmoja kusihusiane na kukosekana kwa mwingine. Ujerumani yenyewe inateseka hapo. Mgeni angedhani kikosi cha kujitolea kinapwaya usiku wa manane, kumbe usiku ndio kinajaa, kwa kuwa wote wamelala nyumbani kwao. Kinachopwaya ni mchana wa siku za kazi, ambapo wanakijiji wamekwenda mjini kwa pamoja. Sheria zao zinaruhusu halmashauri iliyokosa wa kutosha kuwateua raia watu wazima kwa lazima, na vijiji na miji michache midogo ya kaskazini imewahi kufanya hivyo, ikapata kikosi ambacho wenyeji hawakukiomba lakini kinafanya mazoezi kwa ratiba.

Sababu ya kutowaacha tu watu wa mji mkubwa waje ni umbali. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, katika dakika 10 limemaliza kilomita 10, ambayo ni kama safari ya kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani. Chumba chenye makochi na magodoro ya sponji hakisubiri hata dakika hizo. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na namba yake ya dharura ni 114. Lakini mkoa wa Lindi peke yake una zaidi ya kilomita za mraba 66,000, na kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu milioni 1.19, yaani kama watu 18 kwa kilomita moja ya mraba. Hakuna idadi ya waajiriwa inayofaa ambayo ingekiweka kila kijiji ndani ya dakika 10.

Gari la wagonjwa lina hesabu nyingine. Kikosi cha uokoaji cha kujitolea kilianzishwa Roanoke, Virginia, mwaka 1928, na mfano wake ukaenea Marekani, lakini ugonjwa hauji kwa nadra kama moto. Seremala anayeitwa mara mbili kwa mwezi bado ni seremala. Akiitwa mara mbili kwa siku, karakana imekufa. Kwa hiyo hata Ujerumani huduma ya gari la wagonjwa hufanywa zaidi na walioajiriwa, na anayejitolea hubaki na kipande cha mwanzo: kufika kabla yao, kuzuia damu, kukandamiza kifua. Huku kwetu mantiki hiyohiyo ya kutolipia kusubiri imeingia kwa mlango mwingine. Mfumo wa m-mama, unaotumia namba ya bure 115 kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, husajili madereva wa kawaida wa magari katika jamii, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva aliye karibu, akalipwa kwa safari aliyoifanya. Huyo hajitolei, lakini wala halipwi kwa kukaa.

Kuhusu nguvu kazi, Kusini haianzi kutoka sifuri. Kiangazi, majani makavu yakiwa yametanda chini ya mikorosho na kusi ikivuma, moto aliouwasha mtu kusafishia shamba huvuka mpaka, na majirani hutoka bila kuitwa na ofisi yoyote. Wengine huupiga kwa matawi mabichi kutoka ubavuni, wala si usoni kwake. Wengine hutangulia mbele na majembe wakikwangua majani hadi udongo uonekane, ili moto ukifika pale ukose chakula. Nyumba ya makuti ikishika, wanajua kuwa haiokoleki, na huhamishia juhudi kwenye paa la jirani. Wanachokosa ni mavazi, mafunzo ya moshi, bima, na orodha inayosema nani aitwe.

Orodha hiyo nayo ingekutana na lile sharti zito. Korosho zinapoanza kudondoka, kaya nyingi huhamia mashambani kwa wiki kadhaa, zote kwa wakati mmoja, na majina 40 yaliyoandikwa mwezi Machi yanaweza yasitoe hata watu sita mwezi Oktoba. Kituo cha namna hiyo Newala au Nachingwea kingelazimika kuwa na orodha mbili, na ile ya msimu ingewategemea wenye maduka, mafundi cherehani, bodaboda na walimu, ambao korosho haiwahamishi.