Wastani wa siku 45 haulindi stoo

Nimechoka kusikia kauli hii kwa waagizaji wa Dar es Salaam: "Mzigo wa China huchukua siku 45, kwa hiyo naagiza siku 45 kabla, na akiba ya siku mbili tatu juu." Siku 45 ni wastani tu. Kontena moja linafika siku ya 33, jingine siku ya 57, na biashara inaumizwa na hilo la 57.

Tupige hesabu. Unauza katoni 40 kwa siku, na mauzo yana mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) wa katoni 10. Ukiamini kwamba mzigo hufika siku ya 45 bila kukosa, akiba ya tahadhari, yaani mzigo wa ziada wa kuzuia kuishiwa, ni kipeuo cha pili cha 45 × 100 (mia ni mraba wa ule mkengeuko wa 10), yaani cha 4,500, mara 1.65 ili mizunguko 95 ya oda kati ya 100 isikute rafu tupu. Unapata katoni 111. Sasa weka ukweli kwamba siku za kufika nazo zina mkengeuko, tuseme siku 12. Ongeza mraba wa mauzo ya siku mara mraba wa mkengeuko huo: 1,600 × 144 = 230,400. Jumlisha na zile 4,500, toa kipeuo, zidisha 1.65. Jibu ni katoni 800. Bidhaa ileile, wastani uleule, akiba mara saba.

Katoni ikigharimu Sh 60,000, hiyo ni Sh milioni 48 zimelala ghalani. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 18, zinakula zaidi ya milioni 8 kwa mwaka. Hapa ndipo wengi wanapokosea tena: wanakimbilia kubana bei ya msambazaji. Badala yake, shusha mkengeuko wa siku za kufika kutoka 12 hadi 5 na akiba inashuka hadi katoni 348. Takriban milioni 27 zinarudi kwenye mzunguko. Ndiyo maana meli inayokuja moja kwa moja, hata ikiwa na siku tatu zaidi, mara nyingi ni bora kuliko ile ya haraka inayohamisha kontena kwenye bandari ya Colombo (Sri Lanka) au Salalah (Oman), ambako kontena linaweza kukaa likisubiri nafasi kwenye meli ya pili.

Siku zihesabiwe tangu oda ilipotumwa hadi katoni ilipoingia stoo, siyo tangu meli ilipong'oa nanga. Kiwanda kuchelewa, ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha, hati ya shehena yenye jina lililokosewa, foleni ya gati, lori: vyote vimo humo. Viandike kila kimoja peke yake kwa oda zako zilizopita, maana mara nyingi bahari haina kosa; makaratasi ndiyo yanayoyumba, na hayo unaweza kuyasimamia.

Lakini hesabu hii ina udhaifu, na wanaoifundisha huupitia haraka mno. Inachukulia kwamba mzigo huwahi kama unavyochelewa. Hakuna meli inayowahi siku 40, ila zipo zinazochelewa 40. Tena kumbukumbu za oda 10 zilizopita ni chache mno kukupa mkengeuko wa kuaminika. Makampuni makubwa ya meli yalipoanza kukwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, mizigo kati ya Asia na Ulaya iliongezewa siku 10 na zaidi, na kumbukumbu za nyuma hazikuwa na kitu kama hicho.

Kwa pigo la namna hiyo usiongeze akiba ya kila bidhaa, utaua mtaji. Chagua zile chache ambazo mteja akizikosa anahama na oda nzima. Kwa kila moja amua leo, kwa maandishi, baada ya siku ngapi za kuchelewa utasafirisha kiasi gani kwa ndege, na nani ana mamlaka ya kuidhinisha malipo hayo bila kusubiri kikao.