Wananchi wakiamua wenyewe: dhana potofu na ukweli

Dhana: Uswisi haina haja ya bunge, kila jambo huamuliwa na wananchi.

Bunge lipo, tena lina mabaraza mawili: moja la wabunge 200, jingine la wajumbe 46 wa majimbo. Sheria nyingi huishia humo. Wananchi wameshika breki. Anayepinga sheria mpya akipata saini 50,000 ndani ya siku 100, sheria hiyo hupigiwa kura nchi nzima. Utaratibu huu ulianza 1874, na tangu 1891 wananchi wanaweza hata kupendekeza kipengele cha katiba. Ile mikutano ya uwanjani ya kupiga kura kwa kunyoosha mikono, inayosifiwa sana, imebaki kwenye majimbo mawili tu: Glarus na Appenzell Innerrhoden.

Dhana: Raia wa kawaida akiachiwa uamuzi, atajipendelea.

Mwaka 2012 Waswisi waliulizwa kama likizo ya lazima iongezwe kutoka wiki nne hadi sita. Theluthi mbili walisema hapana, wakihofia gharama zingewapotezea ajira. Anayedai kwamba watu hawawezi kuaminiwa na hesabu za nchi yao, aanze kwa kujibu hilo.

Dhana: Wengi wakishinda, haki imetendeka.

Hapa ndipo mimi, ninayependa kura ya wananchi, huishiwa maneno. Wabunge wa Uswisi, wanaume watupu, walikubali wanawake wapige kura. Katiba ilitaka wapiga kura waridhie, na wapiga kura nao walikuwa wanaume watupu. Februari 1959, theluthi mbili yao walikataa. Wanawake walisubiri hadi 1971. Appenzell Innerrhoden wanaume waliendelea kukataa kwenye mambo ya jimbo lao, wakakataa tena mwaka 1990, mpaka mahakama kuu ya nchi ikawalazimisha mwaka huohuo. Anayenyimwa haki hakuwa na mkono wa kunyoosha uwanjani, sasa angeshindaje?

Na jambo hilo halikuishia kwa wanawake. Mwaka 2009, asilimia 57 walipitisha marufuku ya kujenga minara ya misikiti, ingawa serikali na bunge waliwasihi wasifanye hivyo. Nchi nzima ilikuwa na minara minne.

Wawakilishi nao hukosea, na hukosea vibaya. Lakini mbunge hulazimika kukaa chumba kimoja na anayempinga, kusikiliza, kurekebisha kifungu. Karatasi ya kura ina ndiyo na hapana tu.

Dhana: Kura ya maoni daima ni sauti ya wananchi.

Muulize kwanza aliyeandika swali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iliyopitishwa na wananchi wenyewe Agosti 4, inasema mamlaka ni ya wananchi, watayatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Ibara ya 257 inawapa wapiga kura wasiopungua milioni moja nafasi ya kuanzisha mabadiliko ya katiba. Ulipokuja mpango wa kubadili katiba ulioitwa BBI (Building Bridges Initiative), saini zilikusanywa kwa njia hiyo, ilhali wazo lilitoka kwa Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Machi 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia hiyo: mlango huo ni wa raia, na mwenye Ikulu hana ruhusa ya kuupitia.