Ugonjwa "uliozidi": maana yake katika fidia ya askari wastaafu wa Marekani

Tuseme kijana wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, alihamia Marekani, akavaa buti za jeshi la huko miaka sita, akatoka na fangasi za miguu zilizopanda mpaka kwenye kucha. Wizara ya maveterani, yaani askari wastaafu, ikakubali kwamba ugonjwa ulianzia jeshini, ikampa kiwango cha fidia cha asilimia sifuri. Sifuri si kukataliwa. Ugonjwa umetambuliwa, ila hela ya mwezi hakuna. Sasa yuko Tanga, kucha zimekuwa nene na za njano, nyayo zinapasuka, naye anasema umezidi.

Kwa wizara, "kuzidi" hupimwa kwa vitu viwili: eneo la mwili lililoathirika na aina ya dawa. Chini ya asilimia 5 ya mwili, kwa dawa ya kupaka tu, ni sifuri. Kuanzia 5 hadi chini ya 20, fidia ni ya kiwango cha asilimia 10. Kuanzia 20 hadi 40 ni 30, na zaidi ya hapo ni 60. Aibu ya kuvua viatu mlangoni pa msikiti haimo kwenye kipimo hicho, na mimi naona ni upungufu mkubwa.

Nyayo na vidole vya miguu yote miwili ni sehemu ndogo tu ya mwili, kwa hiyo mwenye fangasi za miguu akitegemea eneo peke yake hafiki mbali. Kinachombeba zaidi ni dawa inayopita ndani ya mwili. Vidonge vya terbinafini kwa kucha za miguu kwa kawaida humezwa wiki 12, na sheria inasema dawa ya ndani iliyotumika wiki 6 au zaidi ndani ya miezi 12 inaweza kumfikisha asilimia 30. Krimu ya kupaka haihesabiwi hivyo. Lakini tafadhali, mtu asimeze vidonge kwa ajili ya asilimia: terbinafini inaweza kuumiza ini, na hilo ni la kuamua na daktari.

Halafu kuna suala la majira. Fangasi hupenda joto na unyevu, na kwetu masika huleta vyote viwili. Mtu akipimwa wakati ngozi imetulia, ripoti itasema hana kitu. Mwaka 1994 mahakama ya Marekani inayosikiliza rufaa za maveterani ilisema kwamba ugonjwa wa ngozi unaokuja na kuondoka upimwe ukiwa umewaka. Basi apige picha siku hiyo hiyo, aende hospitali ya Bombo aandikiwe cheti chenye tarehe, dawa na idadi ya wiki.

Kama hali imeharibika baada ya uamuzi, anachohitaji ni dai jipya la kuongezewa kiwango, si rufaa. Rufaa ni ya kupinga uamuzi wenyewe, na tangu Februari 2019 ina njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa wa ngazi ya juu apitie jalada lile lile bila kuongeza karatasi yoyote, au kwenda kwenye Bodi ya rufaa za maveterani. Wengi hukosea hapa, wakachagua ile ya pili huku picha na vyeti vyao vya masika viko mkononi.

Barua ya uamuzi nayo isitupwe. Mwaka mmoja wa kukata rufaa unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake, si siku ilipomfikia Tanga.