Kwa Nini Schubert wa Richter Hatuchoshi

Mtu akishaanza kuipenda sonata (utunzi wenye sehemu kadhaa) ya mwisho ya piano ya mtunzi Franz Schubert, ile ya ufunguo, yaani familia ya nota, wa B flati meja, yenye namba D 960 kwenye orodha ya kazi zake, hachukui muda kukutana na rekodi ambayo Sviatoslav Richter, mpiga piano wa Umoja wa Kisovieti, aliifanya Salzburg, Austria, mwaka 1972. Akishaisikiliza, swali huwa lilelile. Wanafunzi wangu wa piano huniuliza, na watu wasiojua kusoma nota hata moja huniuliza pia: huyu bwana anapiga polepole hivi, mbona hatuchoki? Sehemu ya kwanza peke yake inakaribia dakika 25. Wapiga piano wengine, na wazuri tu, huimaliza kwa dakika 20 hivi, na wanaoruka marudio, yaani wasiorudia kipande cha mwanzo kama ilivyoandikwa, hutumia kama 15.

Wengi wanaomsifu Richter husifia huo mwendo wake wa polepole. Nawaelewa, ila naona sifa hiyo haijafika kwenye kiini. Kupiga polepole kila mtu anaweza kuiga. Nimesikia wapigaji wengi wakijaribu, na sonata ikawafia mikononi kabla ya ukurasa wa pili. Kinachotushika kwa Richter ni kwamba ndani ya mwendo ule muziki hausimami hata mara moja, na kwamba anatupa nafasi ya kukumbuka.

Schubert alimaliza kuiandika Septemba 1828 mjini Vienna, akiwa na miaka 31, mgonjwa, akikaa kwa kaka yake Ferdinand. Mwezi huohuo alikuwa akikamilisha sonata kubwa tatu, na hii ndiyo ya tatu. Tarehe 19 Novemba akafariki. Ilichukua kama miaka kumi hadi ikachapishwa. Ni rahisi kusikia kifo katika kila nota ukishazijua tarehe hizi, lakini mimi huwaambia wanafunzi waziweke kando kwanza, waangalie kilichoandikwa kwenye karatasi.

Kilichoandikwa ni hiki. Mkono wa kulia unaanza na wimbo wa sauti ya chini, unaokwenda kwa hatua fupifupi kutoka nota moja hadi jirani yake, kama tenzi inavyoimbwa na kwaya nzima kanisani. Chini ya wimbo huo, sauti za ndani zinatembea kwa nota za nusu pigo, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Masikio yao yako kwenye wimbo wa juu, na zile nusu pigo wanaziacha zijipigie zenyewe. Richter anazipiga kwa usawa wa ajabu. Hakuna inayowahi, hakuna inayochelewa, hakuna inayopaza sauti kuliko mwenzake. Msikilizaji anaweza asizitambue kabisa, lakini ndizo zinazombeba. Ukizifuata hizo badala ya wimbo, utasikia kwamba Richter anatembea muda wote, tena bila kusita.

Kuna ugumu mwingine ambao asiyepiga piano hawezi kuuona kirahisi. Mwimbaji au mpiga fidla anaweza kuishika sauti na hata kuikuza akiwa katikati ya nota. Piano haina uwezo huo. Nyundo ikishagonga waya, sauti inaanza kufifia palepale, na ukipiga polepole, pengo la kufifia linakuwa refu zaidi. Ili wimbo usikatike, nota inayofuata inabidi iingie kwa nguvu ileile ambayo ya kwanza imebaki nayo baada ya kufifia. Ikizidi kidogo, sikio linasikia pigo jipya. Ikipungua, linasikia shimo. Sasa fikiria kufanya hesabu hiyo kwa vidole, kwa sauti ya chini kabisa, kwa karibu dakika 25, huku nota ya juu ya kila kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ikibidi iwe nzito kidogo kuliko zilizo chini yake. Kwa fundi, huo ndio muujiza wa rekodi hii.

Halafu kuna kipimo cha nane, yaani kifungu kidogo cha nane cha mapigo tangu mwanzo.

Wimbo wa kwanza unapofika mwisho wa sentensi yake, chini kabisa kwenye besi inasikika trili, yaani nota mbili jirani zikipokezana haraka, juu ya G flati. Schubert ameandika ipigwe kwa sauti ndogo sana. Nota hiyo si mwenyeji wa ufunguo wa B flati meja. Imeingia kama mgeni asiyebisha hodi. Baadaye kidogo kuna kimya chenye alama ya kushikilia, inayomruhusu mpigaji kukirefusha, kisha wimbo unaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye piano za Vienna za wakati wa Schubert, zenye nyundo nyepesi, besi ilikuwa na mtetemo ulio wazi, kila nota ikisikika. Kwenye piano kubwa za leo ni rahisi trili hiyo kugeuka mvumo wa matope. Richter anaipiga kwa namna ambayo unaisikia na huna hakika umeisikia. Kisha anakiacha kile kimya kiwe kirefu, anakiamini.

Anakiamini kwa sababu anajua kinachokuja. Wimbo ukishaimbwa mara ya pili, trili inarudi, safari hii ikianzia B flati, kisha besi inashuka hadi G flati ileile, na ghafla tupo ndani ya G flati meja. Mgeni ameshika nyumba. Mbele zaidi, wimbo wa pili unaingia kwa F shapu maina, na kwenye piano F shapu na G flati ni kitufe kimoja. Kwa hiyo lile tukio dogo la kipimo cha nane ndilo mbegu ya safari nzima ya sehemu hii. Ukilipita haraka, msikilizaji hataikumbuka mbegu atakapouona mti. Richter anahakikisha unaikumbuka.

Shahidi wangu mkubwa ni mpiga piano Glenn Gould wa Kanada. Alikwenda Moscow mwaka 1957 na kumsikia Richter akipiga sonata hii ukumbini. Gould hakuwa shabiki wa Schubert hata kidogo. Marudiorudio yake yalimchosha. Baadaye alisimulia mbele ya kamera jinsi Richter alivyoanza kwa mwendo wa polepole kuliko wote aliowahi kuusikia, na jinsi alivyojikuta kama mtu aliyepigwa bumbuazi hadi mwisho. Vitu alivyokuwa akiviona ni mapambo tu, akavisikia kuwa sehemu ya mwili wa muziki wenyewe. Ushahidi wa mtu aliyekuja bila mapenzi nauthamini kuliko wa sisi mashabiki.

Suala la marudio limewagawa wapigaji wakubwa. Mpiga piano Alfred Brendel, aliyemjua Schubert kwa undani, aliyaruka na akaeleza sababu zake: kuna vipimo tisa vinavyopigwa tu unaporudi mwanzo, na aliona vinakuja kwa mishtuko isiyoendana na utulivu wa sehemu yote. Ni kweli vinashtua. Humo ndimo trili ya besi inapolipuka kwa nguvu, mara moja tu katika sehemu nzima. Mimi niko upande wa Richter, ambaye alikuwa mkali sana kuhusu kuheshimu marudio. Ukiviondoa vipimo hivyo, trili inabaki kuwa siri nzuri. Ukivibakiza, unajua kwamba ile sauti ya chini ilikuwa imezuia kitu muda wote, na ukirudi kuisikiliza ikipigwa tena taratibu kwenye kipimo cha nane, huisikii kama mwanzo.

Wapo wanaosema Schubert aliandika Molto moderato, mwendo wa wastani, na kwamba Richter ameugeuza kuwa adajio, yaani mwendo wa polepole. Hoja hiyo ina uzito. Nikimfundisha mtu sonata hii simwambii aige mwendo wa Richter. Namwambia atafute kasi ambayo zile nusu pigo zinaweza kutembea mikononi mwake bila kuzisukuma. Kwa Richter kasi hiyo ilikuwa ya chini mno. Kwa wengi wetu ni ya juu zaidi.

Sehemu ya pili, ya C shapu maina, nayo anaipiga taratibu, mkono wa kushoto ukiruka kutoka besi ya chini na kuvuka juu ya mkono wa kulia. Subiri wimbo wa mwanzo unaporudi, hadi pale unapogeuka bila maandalizi kuwa C meja. Richter haongezi chochote hapo, hata pumzi. Anabadilisha rangi ya sauti tu, na inatosha.

Skerzo, yaani sehemu ya tatu yenye mwendo wa mchezo, ni jepesi na linapita. Sehemu ya mwisho inaanza na oktavu ya G, yaani G ya juu na G ya chini kwa pamoja, iliyo peke yake, na kila inaporudi Richter anaishikilia bila kuifanyia mchezo wowote. Wengine huipiga kwa utani. Kwake ina uzito.

Anayetaka kusikia jinsi Richter alivyoipiga mbele ya watu, atafute rekodi yake ya Aldeburgh, Uingereza, ya 1964. Asikilize kwanza ya Salzburg, sehemu ya kwanza nzima bila kukatiza, halafu aweke hii. Mtu ni yuleyule na wazo ni lilelile, ila ukumbini kuna hatari zaidi mikononi, na mimi hizo mbili sijaweza kuchagua kati yake.