Rasadkhana ni nini?

Rasadkhana ni nyumba ya kupimia nyota: mahali penye vyombo vikubwa vilivyojengwa papo hapo, wataalamu wanaolipwa, maktaba, na kazi iliyopangwa kwa miaka mingi. Al-Battani, mtaalamu wa nyota, alipima anga kwa umahiri mkubwa kule Raqqa, Syria, lakini hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Rasadkhana ni taasisi. Mbegu yake ilipandwa Baghdad karibu na mwaka 828, Khalifa al-Ma'mun alipoagiza hesabu za Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa kale, zikaguliwe upya kwa kupima anga lenyewe.

Kwa nini miaka mingi? Sayari ya Zohali huchukua takriban miaka 30 kuizunguka mbingu na kurudi ilipoanzia. Mtaalamu wa nyota Nasir al-Din al-Tusi alimweleza hivyo Hulagu, mtawala wa Wamongolia, rasadkhana ya Maragha ilipoanza kujengwa Iran mwaka 1259. Hulagu akataka kazi iishe kwa miaka 12, muda ambao sayari ya Mshtarii humaliza mzunguko wake. Mtawala alitaka kupigiwa falaki; mtaalamu alitaka vipimo. Tusiwacheke watawala hao, maana hamu yao ya kutabiriwa ndiyo iliyotoa fedha. Kilichoiokoa Maragha, kwa maoni yangu, ni kutengewa sehemu ya mapato ya wakfu: Hulagu alifariki mwaka 1265, kazi ikaendelea.

Jambo jingine ni ukubwa wa vyombo, na hapa rasadkhana ya Samarkand, katika Uzbekistan ya leo, haina mfano. Darubini ilikuwa haijabuniwa. Katika miaka ya 1420 Ulugh Beg, aliyekuwa mtawala na mwanahisabati, alijenga tao lenye nusu kipenyo cha mita 40 hivi, sehemu yake ya chini ikichongwa ndani ya mwamba. Jua la adhuhuri lilipenya tunduni juu, mwanga ukaangukia tao, na wataalamu wakasoma kimo chake. Katika astrolabu ya mkononi, yaani chombo kidogo cha kupimia kimo cha jua na nyota, yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, digrii moja haifiki milimita 2. Katika tao lile ilikuwa karibu sentimita 70, na hata dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ilizidi sentimita 1. Ndiyo maana walikadiria mwaka wa nyota, yaani muda wa jua kurudi mahali pale pale kati ya nyota, kuwa siku 365, saa 6, dakika 10 na sekunde 8, tofauti isiyofika dakika moja na hesabu ya leo.

Matunda ya kazi hiyo huitwa ziji, yaani kitabu cha majedwali ya kukokotolea mahali pa jua, mwezi na sayari. Ziji ya Samarkand ina orodha ya nyota 1,018. Ulugh Beg aliuawa mwaka 1449 kwa njama za mwanawe, na rasadkhana ikaishia magofu. Kitabu kilinusurika kwa kunakiliwa, na mwaka 1665 Thomas Hyde akaichapisha orodha ile Oxford, Uingereza.